Mtambo Usiochoka na Akili Inayouliza

Mwezi wa Julai 2020, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, wakiongozwa na Profesa Andrew Cooper, walitangaza habari za roboti iliyofanya majaribio 688 ya kemia katika muda wa siku nane. Roboti hiyo ilitembea yenyewe ndani ya maabara, ikichukua vichupa kituo hadi kituo: unga ukapimwa, maji yakatiwa, taa ikawashwa, na haidrojeni iliyotoka ikapimwa. Usiku na mchana ilifanya kazi, ikipumzika kujaza betri yake tu.

Kompyuta nayo ilitazama matokeo na kuchagua mchanganyiko wa kujaribiwa baadaye. Mwishowe ukapatikana mchanganyiko uliotoa haidrojeni mara sita kuliko ile ya mwanzo.

Je, mkemia hana kazi tena? La hasha! Ni binadamu waliouliza swali na kuteua vitu vya kujaribiwa. Kompyuta ile haikupewa nadharia yoyote ya kemia; kueleza sababu kulibaki juu ya watu.

Funzo kwetu sisi wa visiwani ni bayana. Mtambo hununuliwa kwa fedha, lakini akili ya kuuliza haipakuliwi gatini. Skuli isiyo na mwalimu wa kemia haitanufaika na roboti hata ikipewa bure. Hivyo yawapasa viongozi wanaopanga bajeti waanze na msingi: walimu, maabara, na vijana, wake kwa waume, waliozoeshwa kuuliza kwa nini.