Msitu Ndani ya Kompyuta: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Mgonjwa wa shinikizo la damu huweza kufika kliniki akiwa na nguvu zake zote, akashangaa kuambiwa kuwa anaumwa. Msitu wa bonde la mafuriko, kama ule wa kingo za Mto Tana nchini Kenya, nao huweza kuonekana mzima ilhali miche haioti tena: wazee wapo, warithi hawapo.

Kwa kuwa maisha ya mti huupita umri wa mtafiti, wanasayansi hutumia modeli za kompyuta. JABOWA, iliyochapishwa Marekani mwaka 1972, ni miongoni mwa zilizofungua njia. Katika modeli hizo kila mti huwa na kumbukumbu zake, mfano wa jalada la mgonjwa. Kila mwaka kompyuta hukokotoa mwanga ulioufikia, kiasi ulichonenepa na uwezekano wake wa kufa.

Modeli za mabonde ya mafuriko huongeza maji na safari ya mbegu. Mbegu nyingi huangukia karibu na mti mama. Chache hufika mbali. Mkuyu husambazwa na ndege, popo na nyani walao matunda yake. Mpopla wa Tana, *Populus ilicifolia*, una mbegu nyepesi zinazohitaji mashapo mabichi yaliyoachwa na mafuriko. Maji yakishuka upesi kuliko mizizi inavyorefuka, mche hufa. Ndipo modeli inapoulizwa: iwapo mabwawa ya juu ya mto, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, yatapunguza mafuriko, miche mingapi itasalimika?

Hesabu hizi zinafanana na zile za magonjwa ya mlipuko: badala ya mti mama yupo mgonjwa, na badala ya mbegu vipo vimelea. Aidha, mafuriko yanayouhuisha msitu huzalisha pia mbu. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilifuatiwa na mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Anayepanga mtiririko wa mto hana budi kupima yote mawili.

Hata hivyo, modeli si ramli. Ikilishwa takwimu mbovu, hutoa majibu mabovu. Kwa hiyo, mhudumu, jaza rejista kikamilifu. Nawe mgonjwa, taja kijiji unachoishi na siku dalili zilipoanza. Maelezo hayo mafupi ndiyo mbegu ya utabiri wa kuaminika.