Kuchagua Hita ya Umeme



Ninyi mkaao Mkuu na kwingineko katika miteremko ya Kilimanjaro hamna haja ya kuelezwa baridi ya Juni na Julai. Ukungu hushuka mpaka migombani, na mtoto hulia usiku ingawa amefunikwa blanketi mbili. Ndipo watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Jambo hili ni la hatari kubwa. Makaa yawakapo mahali pasipopita hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haonywi na kitu. Huzidi kulemewa na usingizi, na huenda asiamke tena.

Hita ya umeme haitoi sumu hiyo. Lakini tuchague ipi?

Kwanza tujue kazi yake. Umeme hupita katika waya unaoupinga, na waya ule hupata moto. Karibu umeme wote hugeuka joto. Kwa hiyo hita mbili za wati 2,000, moja ghali na moja rahisi, hutoa joto lile lile kwa umeme ule ule. Muuzaji akisema kwamba yake ina wati sawa na nyingine, ila joto lake ni maradufu, msimsadiki. Tofauti ni jinsi joto linavyoenezwa, na usalama.

Tutazame aina tatu. Hita ya feni hupasha upesi chumba kidogo, lakini ikizimwa baridi hurudi mara moja. Hita ya waya mwekundu humpasha aliyekaa mbele yake, hata kama upepo unapenya chumbani. Bali nguo ikiigusa huwaka. Hita ya mafuta huchelewa kupata moto, lakini hukaa na joto muda mrefu, haina kelele, wala waya wake hauonekani. Mafuta yake hayaungui, wala hayaongezwi. Kwa chumba cha kulala, hiyo ndiyo bora.

Pili, tupige hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 3 hula uniti 6 za umeme. Uniti hizo zingewasha taa ya wati 10 kwa saa 600! Basi chagueni hita yenye kidhibiti joto, ambacho huizima chumba kikiisha kupata joto. Na kabla ya kununua, zibeni nyufa na kuweka dari, maana joto hupanda juu likapotelea mabatini.

Tatu, usalama. Tafuteni alama ya TBS, na swichi ijizimayo hita ianguakapo. Ichomekeni katika soketi ya ukutani peke yake, si katika waya mwembamba wa kuunganisha pamoja na pasi na redio. Plagi ikiwa ya moto mkononi, zimeni, mkamwite fundi. Msianike nguo juu yake. Iwe mbali na kitanda na pazia kadiri ya meta moja. Umeme ukikatika, izimeni, usije ukarudi ninyi mkiwa shambani.

Na nyumba isiyo na umeme ifanyeje? Ioteni moto jikoni, mlango ukiwa wazi, kisha mwende kulala na blanketi. Jiko libaki nje ya chumba. Baridi ya usiku mmoja huvumilika. Sumu ya mkaa haivumiliki.

Kwaherini.