Massey kuukuu halijafa, limeingiwa na hewa
Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa 1964, likizima shambani hapa Makamba mvua za kupanda zikikaribia, fundi hukimbilia kufungua pampu ya nozeli aipeleke Kigoma. Mzuie kwanza! Dizeli yetu ya madumu ina maji na uchafu. Filta ikiziba au tangi likikauka, hewa huingia. Mafundi wa Ulyankulu walitufundisha hivi tukiwa wanafunzi ukimbizini: badili filta, legeza skrubu iliyo juu yake, piga kwa mkono kile kipampu cha ubavuni mwa injini hadi dizeli itoke bila povu, kisha kaza. Rudia kwenye pampu kubwa. Mwisho legeza nati za nozeli tatu, uso ukiwa mbali, mwenzio apige stata. Likigoma bado, hapo ndipo pampu ishukiwe.