Kuunda Eropleni ya Mfano Iongozwayo kwa Redio

Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Eropleni ya mfano ya mwanafunzi hufuata kanuni iyo hiyo: kisambazaji kilicho mkononi hurusha mawimbi, kipokezi kilichomo ndani ya ndege huyanasa, na mota ndogo husukuma vijiti vinavyogeuza usukani mkiani.

Anayeanza na achague ndege yenye bawa juu ya kiwiliwili, ncha zake zikiwa zimeinuka kidogo. Ndege ya namna hiyo ikiinama huanza kuteleza ubavu. Upande wa bawa ulioshuka hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, hupata nguvu zaidi ya kuinua, na ndege hujisawazisha yenyewe.

Gundi na skrubu si kazi ngumu. Kazi iliyo ngumu ni mizani. Bawa lenye upana wa sentimeta 20 hutiwa alama sentimeta 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Hapo ndege, pamoja na betri yake, huinuliwa kwa ncha za vidole viwili. Mkia ukishuka, betri isogezwe mbele. Wengi hulipuuza jambo hili, na ndege yenye mkia mzito hupandisha pua ghafula, hupoteza mwendo, ikaanguka kabla mwenyewe hajatambua sababu.

Rafadha ifungwe mwisho kabisa, baada ya usukani kujaribiwa, kwani hukata vidole. Kisambazaji huwashwa kwanza, betri ya ndege baadaye. Wakati wa kuzima, kinyume chake.