Mtungi wa lita tano ulivyoshinda vidude vyote nilivyomtengenezea mpwa wangu

SEMA ukweli. Mara ya mwisho mtoto wa kwenu alipoangua kilio nawe una kazi ya kumaliza, ulimpa nini? Kama ulimpa simu, usijifiche, tuko wengi. Mimi nilimpa mpwa wangu simu kwa karibu miezi minne mfululizo, na nilikuwa najiona mjanja.

Nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu yeye ndiye huamua nani alale saa ngapi. Alikuwa na miaka miwili na nusu nilipoanza kushinda naye. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilinilemea, nikarudi kwa dadangu huku Umoja. Dadangu hutoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu. Mama ana kibanda cha mboga. Basi aliyebaki na mtoto ni yule asiye na "kazi ya maana", yaani mimi na laptopu yangu. Vijana wa base wakanibandika jina, yaya wa kiume. Nilizoea.

Bosi hakuwa anaongea. Nduthi ikipita na kelele zake anaziba masikio na kujitupa chini. Ukimvalisha soksi mpya analia kama umemchoma. Halafu mtoto huyo huyo anaweza kujirusha kwenye kochi mara ishirini, puu, puu, huku anacheka. Jirani mmoja alisema amedekezwa. Mwingine akasema aombewe. Dadangu alimpeleka hospitalini, wakampa tarehe ya kumwona mtaalamu, miezi mitatu mbele.

Miezi mitatu ni mirefu sana ukiwa ndani ya chumba kimoja na mtoto anayelia. Ndipo nikaanza kusoma kuhusu vifaa vya kuchezea vya kuamsha hisi.

Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu ana hisi tano: kuona, kusikia, kugusa, kuonja na kunusa. Kumbe kuna nyingine ambazo hazikutajwa darasani. Kuna ile ya usawa, inayokaa sikio la ndani na kukuambia kama umesimama wima au unaanguka. Na kuna ile ya misuli na maungo, inayokuwezesha kupeleka kijiko mdomoni gizani bila kujitoboa jicho. Katika miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Anna Jean Ayres, aliandika sana kuhusu jinsi ubongo unavyopanga habari zote hizi, na jinsi watoto wengine wanavyopata shida hapo: sauti ndogo kwao ni radi, au mguso wa kawaida hawausikii kabisa mpaka wajigonge. Wataalamu bado wanabishana kuhusu tiba zilizotokana na mawazo yake zinasaidia kiasi gani, kwa hivyo mtu akikuuzia kidude na kukuambia kinaponya usonji, mwambie abaki nacho.

Kucheza ni jambo lingine. Hakuna anayebishana kwamba mtoto hujifunza kwa kushika, kutikisa, kumwaga na kuonja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 ukisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Nilipopiga hesabu ya saa za Bosi, manze, nilifunga laptopu nikaenda kunywa maji.

Ukiingia kwenye duka la watoto pale mall utaona ubao wenye vitasa, manyoya na kengele, bei yake zaidi ya elfu tatu. Nilicheka peke yangu. Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza Roma mwaka wa 1907, kwenye mtaa wa maskini wa San Lorenzo, na baadhi ya vifaa vyake maarufu ni visanduku vyenye vitu ndani ambavyo mtoto anatikisa kulinganisha sauti. Visanduku! Si hiyo ni kayamba? Pwani wamekuwa wakijaza mbegu kwenye matete tangu zamani. Na wewe mwenyewe, kama ulikulia mtaani kabla ya juala kupigwa marufuku 2017, ulisokota mpira wa juala na kamba, ukaendesha gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko. Hakuna aliyekuambia hizo ni hisi.

Kwa hivyo nikaanza na jikoni, na nikagongana na Mama. Nilitaka mchele kwenye beseni ili Bosi atumbukize mikono, kama nilivyoona kwenye video. Mama aliniangalia akaniuliza, "Wewe, unajua kilo ya mchele ni ngapi? Chakula hakichezewi." Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa sawa. Video nyingi za vitu hivi zimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kulala bila kula. Tukapatana: nichukue zile takataka zinazobaki akichagua maharagwe, zile zilizotobolewa na wadudu. Mchele hapana. Mchanga wa ujenzi nikaomba kwa fundi, nikauchekecha na kuuosha. Fundi wa cherehani akanipa mfuko wa masalio ya vitambaa: satini, kodroi, blanketi, jinzi. Hiyo yote bure.

Sasa nikuambie nilipokosea, maana hapa ndipo ningependa usome polepole.

Niliweka yale maharagwe kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nikafunga kifuniko kwa mkono, nikampa. Aliipenda. Alitikisa siku nzima. Jioni nikaingia kuhariri video ya mteja, dakika kumi hivi. Nilipotoka, chupa iko wazi, maharagwe yametapakaa sakafuni, na Bosi anakwaruza pua. Lilikuwa moja, nililiona likiwa ndani kabisa. Nikajaribu kulitoa kwa kidole, likazidi kuingia. Usiwahi kufanya hivyo. Haragwe likipata unyevu linavimba, na ukilisukuma unaweza kulipeleka pabaya zaidi. Tulipanda bodaboda usiku, Bosi amejifunika uso kifuani mwangu kwa sababu ya kelele ya injini, na mimi naomba Mungu asivute pumzi kwa nguvu. Daktari alilitoa kwa kifaa chembamba chenye ncha iliyopinda, sekunde chache tu. Dadangu alitoka zamu, akasikia, akakaa siku mbili bila kunisemesha.

Tangu hapo nina sheria. Mrija wa kadibodi unaobaki tishu ikiisha ndio kipimo changu: chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kwa yeyote anayeweka vitu mdomoni, awe na miaka mitatu au sita. Kama lazima kiwe ndani ya chupa, kifuniko kinapakwa supaglu, kinaachwa usiku kucha, kisha kinazungushwa tepu juu. Halafu naiangusha chupa sakafuni mara kadhaa mimi mwenyewe kabla ya kumpa. Ikipata ufa naitupa. Baluni zilizojazwa unga, ambazo utaziona kila mahali mtandaoni, sizitumii kabisa. Zikipasuka kile kipande cha mpira kinaweza kuziba koo. Vidude vinavyotumia betri zile bapa kama kifungo, vivyo hivyo, maana mtoto akimeza moja inachoma umio kwa muda mfupi sana. Na maji kwenye beseni ni mchezo mzuri mno, lakini kaa hapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache, na simu yako haitakuambia.

Chupa ya pili niliijaza maji, matone ya mafuta ya kupikia, rangi kidogo ya bitiruti na vipande vya karatasi inayong'aa ya peremende. Gundi ilinigharimu hamsini. Ukiigeuza, mafuta yanapanda polepole na karatasi zinashuka. Bosi aliikazia macho mpaka pumzi yake ikatulia. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimwita Mama atoke jikoni aje ashuhudie.

Ubao wa kugusa ulikuwa katoni niliyobandika msasa, satini, sponji ya kuogea, jinzi na kipande cha mkeka. Aligusa satini tu. Msasa aliukimbia. Nilitaka kumlazimisha, ati azoee, kisha nikaacha. Ukimlazimisha mtoto aguse kitu kinachomchoma, unamfundisha tu kwamba mikono yako si salama.

Unga wa kufinyanga nao ulikuwa hasara tupu kwangu, lakini huenda wako akaupenda, kwa hivyo shika: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji vikombe viwili, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na viwili vya maji ya limau. Manjano ukitaka rangi. Unakoroga kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka uache kushika kuta za sufuria, kama ugali unapoiva. Upoe, uukande. Ukiuweka kwenye mkebe uliofungwa unakaa hata wiki mbili. Usiruke kupika, unga mbichi unaweza kuwa na viini. Na kwa sababu ya ile chumvi yote, usikubali aule. Mama aliruhusu mara moja tu, na Bosi aliugusa, akatazama vidole vyake vilivyonata, akapiga nduru iliyosikika mpaka ghorofa ya nne. Wangu uliishia kwa watoto wa jirani, waliotengeneza chapati za rangi na kuniuzia kwa pesa za majani.

Tarehe ya hospitali ilipofika nilienda na dadangu. Tulimwona mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule ambaye hospitalini kila mtu humwita OT. Nilibeba vidude vyangu kwenye mfuko kama mwanafunzi anayepeleka mradi. Aliviangalia, akasifu ile chupa ya mafuta, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Ukimwacha bila kitu, yeye mwenyewe huenda wapi?"

Nikafikiri. Huenda kwa kochi kujirusha. Huenda kusukuma mtungi wa maji.

Kama unaishi Nairobi unajua mitungi. Maji kwetu huja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo ukuta mzima wa jikoni ni mitungi ya lita ishirini, na Bosi hushinda akiisukuma kwa kichwa na mabega mpaka Mama amfukuze. OT akatabasamu. Akasema huyu anatafuta uzito, misuli yake inataka kusikia kitu, na kazi nzito ndogo ndogo humtuliza mtoto wa namna hiyo kuliko rangi na manyoya. Mimi nilikuwa nimetengeneza vitu vya kupendeza macho yangu. Mtoto alikuwa ameshaniambia anachotaka kila siku, na nikamwondoa hapo jikoni nimpe satini.

Tukachukua mtungi wa lita tano, tukaujaza maji nusu, kifuniko tukakigundisha. Ndiyo toi yake mpaka leo. Anausukuma koridoni, anauvuta kwa kamba fupi niliyofunga mkononi mwake wa plastiki, anaupandisha ngazi mbili, anaushusha. Baada ya robo saa anakuja kukaa. Pia soksi kuukuu yangu niliijaza mchanga mkavu, nikaishona mara mbili. Anaiweka mapajani akila, ikimkandamiza kidogo. Akilala naitoa, kitu kizito hakilali na mtoto. Na jioni namviringisha kwenye blanketi kama chapati, kichwa na uso nje, nambonyeza mgongo taratibu. Soksi mpya bado hataki, lakini baada ya chapati huvaa zile za zamani.

Usidhani ninakuletea muujiza. Bosi sasa ana miaka mitatu na miezi minne na ana maneno matatu. Lakini wiki iliyopita alichukua ile chupa ya mafuta, akaja nayo mpaka kwenye laptopu, akaishika juu usoni mwangu na kusubiri. Nikaigeuza. Mafuta yakapanda. Akairudisha tena mikononi mwangu. OT alikuwa ametuambia tungoje hicho hasa, siku atakapoleta kitu kwa mtu, maana hayo ni mazungumzo tayari.

Kama una mtoto nyumbani ambaye hajatamka neno hata moja kufikia miezi kumi na sita, au haunganishi maneno mawili akifika miaka miwili, au alikuwa anaongea akaacha, usisubiri azoee. Mpeleke kliniki, na uulizie kituo cha EARC cha kaunti yenu, vile vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vilivyoanzishwa 1984. Foleni ni ndefu, ndiyo maana nakuambia uanze leo. Wakati unasubiri, kaa chini sakafuni bila simu, nusu saa tu, uangalie anakwenda wapi.

Kwa sasa tatizo letu ni keateka. Amekuja mara mbili kulalamika kwamba kuna mtu anaburuta kitu koridoni saa kumi na mbili asubuhi. Mama ametoa leso yake ya zamani, tumeukata vipande tuvishonee chini ya mtungi. Bosi ameukataa. Anataka usikike.