Mwalimu Runinga hasahihishi daftari!

JAMANI, hivi ni mwalimu gani asiyechoka, asiyeomba uhamisho, na ambaye wanafunzi wanamkimbilia hata usiku wa manane? Usijichoshe kufikiri. Ni yule pale sebuleni kwenu, kafunikwa kitambaa cha kufuma asishikwe na vumbi. Runinga!

Wenzetu wa Zanzibar walianza darasa lake mapema, tangu 1973. Watu wa Bara walingoja hadi 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar. Huku kwetu Singida tulichelewa kuripoti shuleni, lakini tulipofika tukakaa dawati la mbele.

Tuanze na Historia. Mshikaji wangu mmoja wa Misuna aliandika kwenye mtihani kwamba vita ya Vietnam ilishindwa na Wavietnam, Marekani ikatoka kidedea. Ushahidi? Alimwona Rambo kwa macho yake mawili, kifua wazi, peke yake, anasambaratisha kikosi kizima! Bwana, ile ni filamu ya 1985. Vita yenyewe iliisha tarehe 30 Aprili 1975, Saigon ilipoanguka na Wamarekani wa mwisho wakaondoka kwa helikopta. Mshikaji akala sifuri, na hadi leo anasema alionewa.

Fizikia nayo inafundishwa na watu wa mieleka. Jitu la kilo 130 linapanda kamba, linaruka, linamwangukia mwenzie tumboni. Mwenzie anainuka, anajipangusa, anadai zamu yake. Kijana mmoja mtaani kwetu akaamua kufanya mazoezi kwa vitendo kutoka juu ya jiwe, na mawe Singida hatujawahi kupungukiwa. Mvutano wa dunia haukumwonea haya. Mkono ulikaa kwenye plasta wiki sita.

Sisemi anafundisha uongo mtupu, la. Tamthilia ya Shaka Zulu ilinibeba. Mwalimu alipofika kwenye Mfecane, akaeleza jinsi Wangoni walivyovuka mto Zambezi 1835 wakielekea kaskazini hadi wakafika huku kwetu, mimi mikuki nilishaiona. Lakini ungeniuliza habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wa hapa hapa Singida husimulia kwamba aliwatimua Wajerumani kwa nyuki, ungenikuta kapa. Jina lake kwenye runinga nililisikia siku ya mpira, mtangazaji alipotaja Uwanja wa Liti!

Kilichonitoa usingizini ni korona. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule, na dogo wetu alikuwa Kidato cha Nne. TBC na vituo vingine vikarusha vipindi vya masomo. Mama akatangaza hali ya hatari: mtu asiguse rimoti! Dogo anakaa na daftari, katulia kama yuko kanisani. Mwalimu wa kwenye kioo akiuliza, "Mmeelewa?" dogo anaitika, "Ndiyooo!" Mwalimu anafuta ubao, huyoo, anasonga mbele.

Wiki ya tatu mama karudi sokoni. Yeye ni wa darasa la saba, anauza vitunguu. Akauliza, "Mwanangu, gunia nimenunua elfu themanini, nimeuza laki moja. Faida yangu ni asilimia ngapi?"

Kimya.

Mimi nikacheka. Nilikosea sana. Akanigeukia, "Haya, na wewe uliyemaliza?" Sasa mimi F yangu ya Hesabu ni ya halali, sikuiba wala sikuhonga. Kikawa kimya cha watu wawili.

"Ishirini na tano," mama akasema, akaingia zake jikoni. Hana kalamu wala kikokotoo!

Hapo ndipo niliposhtuka. Mtihani wa taifa ulikuwa unamsubiri dogo, na sisi tulidhani anasoma. Kumbe runinga inajua kuuliza "mmeelewa?" lakini haina masikio ya kusikia jibu. Haijui kama umelala, na daftari haisahihishi.

Mama akapitisha sheria. Kipindi kikiisha runinga inazimwa, dogo anamweleza yeye alichojifunza, na asiyejibu swali anaosha vyombo. Mimi nikaunganishwa humo humo. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, dogo alikuwa anapiga asilimia kichwani kama dalali wa mnadani. Mtihani ulipokuja akapata C ya Hesabu. Kwa ukoo wetu, msomaji, hiyo C ilichinjiwa kuku!

Sasa hivi zamu ni ya watoto wa dada. Wao wanasoma kwa Ubongo Kids, zile katuni za Dar zilizoanza 2014, zinazofundisha hesabu kwa Kiswahili na nyimbo juu. Wimbo wanaujua wote, na ile sheria ya bibi yao bado iko palepale.

Juzi wakanigeuzia kibao, wakaniuliza mimi swali la sehemu.

Vyombo vilikuwa vingi, we acha tu.