Tupige Hodi Nyumba Ipi?

Tuseme afisa wa kilimo ametumwa Ishiara, kaunti ya Embu, ajue nyumba zipi zinapanda mtama wa Gadam, ule unaotafutwa na watengeneza bia, na zipi bado zinapanda mbegu ya wazee. Ana mchoro wa nyumba 200, wenye mistari ya nani humpa nani mbegu. Mafuta ya pikipiki yanafika nyumba 10 tu.

Zile 190 atazikisia, na si kwa kubahatisha. Mbegu hupita kwa watu wanaojuana, kwa hiyo waliounganishwa na mstari aghalabu hufanana. Mwaka 2003 watafiti Zhu, Ghahramani na Lafferty walionyesha hesabu yake: nyumba isiyojulikana (wataalamu huiita nodi) hupewa wastani wa jirani zake. Watatu kati ya wanne wakipanda Gadam, inapata 0.75. Hurudiwa mpaka namba zitulie.

Basi hodi ipigwe wapi? Wengi wangemkimbilia mama anayegawia kijiji kizima mbegu. Sawa, mara moja. Wa pili kijiji hichohicho ataleta habari ileile. Wengine wangechagua nyumba yenye 0.5. Lakini ikiwa iko peke yake mwisho wa mstari, jibu lake linaishia langoni. Zhu na wenzake walipendekeza njia ninayoipenda zaidi: kwa kila nyumba, kompyuta hujaribu majibu yote mawili, ikapima shaka itakayobaki mtandao mzima, kisha ikachagua nyumba inayotarajiwa kuacha shaka ndogo kabisa.

Upande huu wa Mlima Kenya kuna jambo la kuongeza. Labeyrie na wenzake, katika utafiti wa 2016 kuhusu Wachuka, Watharaka na Wambeere, walikuta kwamba mbegu za mtama hupeanwa zaidi ndani ya kabila. Ukimaliza maswali 10 kwa Wambeere, Tharaka hujaijua. Mimi ningeanza na nyumba moja kila kabila, ndipo niiachie kompyuta.

Kisha ningekwenda kwa bibi wa Kitharaka aliyeolewa Mbeere, ambaye mstari wake unavuka mpaka. Kompyuta huenda ikampa 0.5. Ingia jikoni kwake utazame masuke yaliyotundikwa juu ya moto, yakipigwa moshi fukusi wasiyaguse: huenda ukakuta Gadam upande mmoja, mtama wa kwao upande wa pili. Ile 0.5 haikuwa shaka. Ndilo jibu lenyewe. Na fomu ya afisa ina kisanduku kimoja.